Meza ya Fundi: Waya Uligusa Mguu Mmoja, Bodi Nzima Ikafa

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: volti zilizozidi zimeingia kwenye mguu wa IC (kile kipande cheusi chenye miguu mingi), na mwenye bodi anataka kujua kimekufa nini na kwa nini. Naanza na ndefu kuliko zote, maana nyingine zinaiegemea. Hapa kwangu Ngamiani, Tanga, mteja akileta bodi ya namna hii simuulizi kwanza zilikuwa volti ngapi. Namuuliza mkondo ulipata wapi pa kupita. Akiweza kunijibu hilo, nusu ya kazi imekwisha.

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma ufundi umeme hapa Mbeya. Nilitengeneza mfumo wa kuangalia betri ya sola nyumbani kwa babu: Arduino Uno (bodi ndogo inayoprogramiwa), sensa ya joto DHT22 na kioo cha LCD cha mistari miwili, vyote vikitumia volti 5 za Uno. Uno yenyewe inakula adapta ya volti 9. Nilipotaka kusoma chaji ya betri nikachukua waya wa chanya ya betri ya volti 12 na kuuchomeka A0, mguu wa kupimia volti, moja kwa moja. Kioo kilizima papo hapo, nikachomoa. Sasa Uno inapokea programu na taa ya mguu wa 13 inamweka kama kawaida, lakini A0 inasoma 1023 hata ikiwa haina waya, na nikiigusisha graundi bodi nzima inazima. Kioo kimekufa, DHT22 haijibu. Waya uligusa mguu mmoja tu. Hao wengine wamekufaje? Na je, naweza kuhamia A1 nikaendelea?
Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao wengine hawakuguswa na waya, ila mkondo uliwafikia. Tuufuate.

Ndani ya ATmega328P, ile IC kubwa ya Uno, kila mguu wa kupokea na kutoa ishara una dayodi mbili za kinga, zinazopitisha umeme upande mmoja tu: moja inaelekea VCC, laini chanya ya umeme wa IC, nyingine inatoka graundi. Volti za mguu zikiwa kati ya graundi na VCC, dayodi hizo hazina kazi. Mguu ukiipita VCC kwa nusu volti na ushee, dayodi ya juu inafunguka na kuumwaga mkondo kwenye VCC. Ndiyo sababu datashiti, karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, imeweka mpaka: 0.5 V chini ya graundi na 0.5 V juu ya VCC, kwa miguu yote isipokuwa RESET. RESET umeruhusiwa hadi 13 V, kwa sababu ipo njia ya kuiprogramu IC hii inayotaka volti 12 pale pale. Usije ukajaribu kwa udadisi.

Betri ya babu inaweza kutoa makumi ya ampea, na itaendelea kutoa mpaka kitu kikatike. Mguu mmoja wa IC yako umeandikiwa mwisho wa milliampea 40, na mguu wa VCC milliampea 200. Kati ya betri na ile dayodi hukuweka resista hata moja. Kilichokuwa kinazuia ni ule waya na silikoni yenyewe.

Basi mkondo umeshafika VCC. Kutoka hapo unakwenda wapi? Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu, wakidhani regulata, ile inayotengeneza volti 5, itazishika volti 5 mahali pake kwa nguvu zote. Regulata ya Uno ni kama valvu ya baiskeli: inaingiza, haitoi. Inajua kusukuma mkondo kwenye laini ya volti 5, lakini laini ikisukumwa kutoka upande mwingine, regulata inaacha tu kusukuma na kutazama. Kwa hiyo laini iliinuka kutoka 5 V kuelekea volti za betri, pungufu ya zile zilizopotea kwenye dayodi. Kila kilichokuwa kinakunywa laini hiyo kikanyweshwa kwa lazima. Kontrola ya HD44780 iliyo nyuma ya vioo vya aina hiyo mwisho wake ni 7 V. DHT22 haitakiwi kupita 6 V. ATmega yenyewe mwisho ni 6 V, na ile IC ndogo ya USB karibu na soketi, ATmega16U2, ni hivyo hivyo. Waya uligusa kitambo kidogo, ndiyo maana hizo mbili zinaonekana kupona. Kama Uno ingekuwa inakula USB ya kompyuta wakati huo, leo pengine ungekuwa unaniandikia habari za kompyuta.

Sasa hiyo 1023. Kipimo cha analojia cha ATmega kina hatua 1024, kuanzia 0, na 1023 maana yake mguu uko sawa na VCC. Mguu mtupu wenye afya huwa unayumbayumba. Wako umekaa 1023 kwa kuwa dayodi ya juu imeungua ikawa shoti: A0 na VCC vimekuwa kitu kimoja. Ulipoigusisha A0 na graundi ulikuwa unapiga shoti laini ya volti 5, bodi ikazima. Ukitaka uthibitisho, chomoa umeme wote, weka mita kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu kwenye A0 na mweusi kwenye VCC. Kisha fanya hivyo hivyo kwa A1. Kwenye A1 utaona kama 0.5 au 0.6. Kwenye A0 nategemea utaona sifuri au karibu yake. Nao mguu ambao haukuwa shoti bali waya wake mwembamba wa ndani umekatika hausomi kitu kabisa.

Kuhusu A1: itasoma, ndiyo. Kwa kuchezea mezani itumie. Kwa betri ya babu, hapana. Miguu yote ya analojia inaingia kwenye kipimo kimoja kwa kupokezana, na silikoni iliyoungua pembeni huvuja na kuchafua vipimo vya jirani. Zaidi ya hapo, laini nzima ya IC ilipita mpaka wake, na IC iliyopita mpaka huweza kufanya kazi leo ikafa juma la tatu bila sababu unayoiona. Bahati ni kwamba Uno ya soketi inakubali kubadilishwa ATmega peke yake. Nunua iliyokwisha wekewa butiloda, programu ndogo inayoiwezesha kupokea programu zako; ni nafuu kuliko bodi.

Kuna jambo baya zaidi ambalo limekupita. Ndani ya IC za CMOS, matabaka ya silikoni yamepangana kwa namna inayotengeneza thairista, swichi ya silikoni inayojishikilia ikiwashwa, ambayo hakuna aliyeitaka. Mkondo mkubwa ukiingia kupitia mguu unaweza kuiwasha. Ikiwaka, inaunganisha VCC na graundi na haizimiki kwa kuchomoa ule waya uliosababisha. Mpaka ukate umeme wa bodi. Dalili yake ni IC kuwa ya moto hata kidole hakivumilii. Ukiiona, kata umeme kwanza, maswali baadaye. Wakati mwingine IC huamka salama.

Dawa ya kusomea betri ni resista mbili. Ya kilo-omu 33 kutoka chanya ya betri hadi A0, ya kilo-omu 10 kutoka A0 hadi graundi, na kapasita ya nanofaradi 100 sambamba na hiyo ya 10. Graundi ya betri na ya Uno ziungane. Betri ikiwa 15 V, mguu unaona kama 3.5 V. Kwenye programu zidisha kwa 4.3.

Mbona nimechagua 33? Kwa sababu ya paneli. Paneli ya seli 36 ikiwa haina mzigo hutoa 21 V hivi, na siku babu akichomoa betri huku paneli imeunganishwa, kontrola nyingi za chaji za bei rahisi hupitisha volti hizo zote upande wa pili. Kwa resista hizi, 21 V zinakuwa 4.9 V mguuni. Na hata ile ya 10 ikiachia kwa kulehemu kubaya, mkondo kupitia ile ya 33 hautafika nusu milliampea, na dayodi ya kinga inaubeba bila shida. Datashiti nayo inataka chanzo cha ishara kisizidi kilo-omu 10; hizi mbili kwa pamoja zinaonekana kama 7.7.

Atmel wenyewe, waliotengeneza IC hizi za AVR, katika waraka wao AVR182, waliunganisha umeme wa ukutani kwenye mguu wa AVR kupitia resista ya mega-omu 1, ili kujua wimbi linapopita sifuri. Walishauri tu dayodi zisipitishe zaidi ya milliampea 1. Volti mia tatu na kitu mlangoni, na IC ikaishi, kwa kuwa mkondo ulikuwa umebanwa. Usiuige mezani kwako: bodi nzima inakuwa imeungana na umeme wa ukutani, na wewe huna dayodi za kinga.

SWALI: Habari ya kazi, fundi. Nina Arduino Pro Mini ya volti 5 na moduli ya GPS NEO-6M yenye umeme wake mbali. Nikizima Pro Mini, taa yake inabaki inawaka hafifu. Nikiiwasha tena mara nyingine inaganda mpaka nichomoe kila kitu. Umeme unatoka wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Njema. Unatoka kwenye TX ya GPS, mguu wake wa kutuma. Laini ya siriali ikiwa haizungumzi hukaa juu, kwa moduli hiyo 3.3 V. Pro Mini ikizimwa VCC yake inakuwa sifuri, na hizo 3.3 V ghafla ni volti zilizozidi, ingawa bodi ikiwa hai ni ndogo. Zinapita kwenye dayodi ya juu ya mguu wa RX, wa kupokea, na kuilisha bodi nzima kama 2.7 V. ATmega328P inaweza kuishi hata kwa 1.8 V, lakini kwa kasi ya megahezi 4 tu; yako inakimbizwa megahezi 16. Kwa hiyo haijafa na haijalala. Ukirudisha umeme inakuwa haikupata kuanza upya.

Swichi moja inayozima vyote viwili ndiyo naipenda. Kama haiwezekani, weka resista ya kilo-omu 4.7 kwenye laini hiyo. Kwa kasi ya 9600 mazungumzo hayataharibika, na mkondo utakuwa mdogo kuliko bodi inavyohitaji kusimama. Anayetaka kazi safi atumie IC ya 74LVC1G125 katikati, ambayo miguu yake haipitishi kitu ikiwa haina umeme.

SWALI: Mimi HC-SR04, sensa ya umbali, nimeiunganisha na bodi ya ESP32 bila resista yoyote, mguu wake wa Echo moja kwa moja, na inapima maji ya tangi tangu masika. Nyie mafundi wa magazetini si mnatutisha tu?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Mimi si fundi wa magazetini. Nina duka na nina wateja, na baadhi yao walisema hivyo hivyo.

HC-SR04 ya kawaida inataka 5 V na Echo yake inatoa 5 V. Espressif, watengenezaji wa ESP32, wameandika 3.6 V kuwa mwisho wake. Kwamba yako haijafa kunaonyesha tu kwamba mkondo unaotoka kwenye Echo ni mdogo na unakuja vipande vipande vya milisekunde chache. Hakusemi kwamba mguu unafurahia. Silikoni inayopitishiwa volti za ziada kila siku huanza kuvuja kidogo kidogo, na utaanza kuona vipimo vya ajabu au bodi kujianzisha upya mchana wa joto, ukilaumu WiFi.

Resista mbili zinatosha: kilo-omu 1 kutoka Echo hadi mguu, kilo-omu 2 kutoka mguu hadi graundi, unapata 3.3 V. Huna ya 2, unganisha mbili za 1 mfululizo. Ipo pia HC-SR04P inayokubali 3.3 V moja kwa moja. Tazama herufi ya mwisho kabla hujalipa. Mguu wa Trig, wa kuiamsha sensa, hauna tatizo, maana hapo ESP32 ndiyo inayotoa.

SWALI: Fundi, niliambiwa niweke Zena (dayodi ya kubana volti) ya 3.3 V kwenye mguu wa analojia kuulinda. Nimeweka 1N4728A na resista ya kilo-omu 10. Mguu haujaungua lakini vipimo vimekuwa uongo: nikitegemea 2.8 V napata chini ya hapo. Nimebadilisha Zena mbili.
Fundi mwenzio, Nakuru

JIBU: Zena zote tatu ni nzima. 1N4728A imeandikwa 3.3 V ikiwa inapitisha milliampea 76. Kwa mkondo mdogo wa mezani kwako inaanza kupitisha mapema sana, na Zena za volti ndogo hazina kona kali, zinapinda taratibu. Kwa hiyo inaila ishara yako kabla hatari haijafika. Kwa ishara ya ndiyo au hapana, yaani swichi au sensa ya mlango, haidhuru. Kwa kupima, itoe.

Weka mahali pake BAT54S, ambayo ni dayodi mbili za Shotki ndani ya kifuko kimoja cha miguu mitatu: katikati kwenye ishara, upande mmoja graundi, mwingine laini ya 3.3 V. Inafunguka kabla ya dayodi za ndani ya IC. Resista yako ya kilo-omu 10 iache palepale.

Umeshaona mkondo umeelekezwa wapi, lakini: laini ya 3.3 V. Kama bodi yako inalala na kunywa mikroampea chache, na ishara ikabaki juu siku nzima, laini itainuka kama ya yule kijana wa Mbeya, ila polepole. Hakikisha kuna kitu kwenye laini hiyo kinachokula zaidi ya kinachoingizwa. Resista ya kilo-omu 1 kutoka 3.3 V hadi graundi inakula milliampea 3.3. Ni ubadhirifu kwenye kifaa cha betri, najua. Hapo ongeza resista ya ishara iwe kilo-omu 100 na kapasita ndogo.

SWALI: Nafunga vifaa vya kufuatilia malori, ninavyovitengeneza mwenyewe: ESP32, modemu ya SIM800L, na konvata ndogo ya kushusha MP1584. Kwenye magari madogo vinadumu. Kwenye malori ya volti 24 vinarudi vimekufa vyote, konvata, modemu na ESP, hasa yanayokwenda barabara mbovu. Nimeweka TVS (dayodi ya kubana volti za ghafla) ya SMBJ33A mlangoni, bado.
Fundi umeme wa magari, Makambako

JIBU: Barua yako nimeipenda kwa sababu ya hayo maneno "barabara mbovu." Nayarudia chini.

Kwanza MP1584. Kiwango chake cha kazi kinaishia 28 V. Lori la volti 24 likiwa linachaji, altaneta inalipandisha hadi 28 V na zaidi kidogo. Kwa hiyo umeiweka ukingoni siku ya kwanza, kabla hata tuta la kwanza. Na konvata ya kushusha ikifa, mara nyingi inakufa kwa swichi yake ya ndani kuwa shoti. Maana yake 28 V zinapita nzima hadi upande wa pili, kwenye modemu inayotaka kati ya 3.4 na 4.4 V na ESP isiyotaka kupita 3.6. Hapo hakuna dayodi ya kinga ya kukusaidia. Ndiyo maana vinakufa vyote kwa pamoja. Aliyekufa wa kwanza ndiye aliyewafungulia mlango wengine.

Pili, hiyo TVS. SMBJ33A inakaa kimya hadi 33 V, lakini ikipigwa sawasawa inaziachia volti zifike 53.3 ndipo izibane. Ukiweka nyuma yake LM2596 ya kawaida, ambayo kazi yake inaishia 40 V, utaua LM2596 huku TVS ikiwa imefanya kazi yake vizuri kabisa. Tumia LM2596HV, inayofika 60 V. Na inunue kwa mtu unayemwamini, maana LM2596 zilizochapwa upya jina zimejaa.

Sasa barabara mbovu. Terminali ya betri ikicheza na kuachia wakati altaneta inachaji kwa nguvu, mkondo uliokuwa unakwenda kwenye betri hauna pa kwenda, na volti za gari zinaruka. Majaribio ya ISO 16750-2 kwa magari ya volti 24 yanatumia pigo la 151 hadi 202 V, linalodumu sehemu ya sekunde. Si milisekunde moja ambayo SMBJ, yenye wati 600, imepimwa nayo. Itapasuka, au itakuwa shoti. Kazi hiyo ina TVS zake kubwa, kama SM8S33A. Nyingi za altaneta mpya zina kinga yake ndani na pigo huwa dogo, lakini malori unayofunga wewe nadhani tunayajua umri wake.

Kwa hiyo, kabla ya yote, kaza terminali za betri na usafishe kutu. Hilo halina gharama. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu na betri, si karibu na kifaa. TVS kubwa baada ya fyuzi, LM2596HV baada yake. Upande wa kutoka weka thairista yenye Zena kwenye geti na resista yake: konvata ikifa kwa shoti, thairista inaibana laini chini na fyuzi inakatika. Modemu na ESP zinabaki hai, na wewe unabadilisha konvata na fyuzi tu. Hakikisha thairista inabeba mkondo mkubwa kuliko unaohitajika kukata fyuzi, la sivyo itakufa yenyewe kwanza. Na kwa kuwa SIM800L huvuta hadi ampea 2 ikitafuta mtandao, kapasita kubwa karibu nayo usiiruke.

SWALI: Nina saluni. Jioni moja taa ziliwaka kupita kawaida, feni ikakimbia, kisha pa! TV, dikoda na chaja za mashine zikafa. Jirani wa pili yeye taa zake zilififia wakati huo huo. Fundi wa mtaani kabadilisha fyuzi ya TV kwa waya wa shaba, ikalipuka tena na moshi. Anasema "IC kuu" imekufa ninunue bodi nzima. Ni kweli?
Mwenye saluni, Morogoro

JIBU: Pole sana. Hebu huyo fundi asiiguse tena.

Kwako kuwaka sana na kwa jirani kufifia ni alama ya nyutro iliyokatika. Wewe na jirani mko kwenye fezi tofauti. Nyutro ikiachia, mnagawana volti 400 za fezi mbili kulingana na vitu vilivyowashwa. Mwenye mizigo michache ndiye anayepata nyingi. TV inapokea 230 V na kuzigeuza kuwa kama 325 V za moja kwa moja, kwenye kapasita ya 400 au 450 V. Ukipewa 400 V zinakuwa 566. Kabla ya kapasita kuna kile kidonge cha bluu, varista, mara nyingi kimeandikwa 471, yaani mwisho wake ni 300 V za ukutani. Kinajitoa shoti ili fyuzi ikatike. Fyuzi ya kwanza ilikatika kama ilivyotakiwa. Waya wa shaba haukukatika, basi vingine vikakatika badala yake.

Mpelekee mtu atakayepima bodi ya pawa peke yake. Umeme wa ukutani na bodi kuu vimetenganishwa na transfoma, na taarifa za volti hurudi kwa mwanga kupitia optokapla, kwa mfano PC817 inayohimili 5000 V. Mara nyingi kinachokufa ni upande wa ukutani: varista, dayodi za daraja, kapasita, swichi na IC yake ndogo. Volti zilizovuka hadi bodi kuu ni nadra. Bodi ya pawa ni bei ndogo sana kuliko TV.

Soketi za kuzuia radi hazikusaidii kwa hili, maana ndani yake ni varista hiyo hiyo. Tafuta kile kifaa cha kulinda friji kinachokata umeme ukipanda au ukishuka. Na nyutro ya nguzo usimruhusu mtu kuipandia; piga simu ya dharura ya wenye umeme, zima swichi kuu, ukae nje upige soga na wateja.

SWALI: Naishi Dodoma. Kiangazi nikigusa kitasa napigwa cheche. Je, kidole kinaua IC?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kinaweza. Viwandani kidole huigizwa kwa kapasita ya pikofaradi 100 na resista ya omu 1500, na IC nyingi hupimwa kwa 2000 V za namna hiyo. Mkondo unafika ampea 1.3 na kwisha ndani ya chini ya mikrosekunde moja. Dayodi za kinga zilichongwa kwa hilo. Lakini cheche unayoihisi kwenye kitasa kwa kawaida imeshapita 2000 V. Sisi wa mwambao unyevu hutulinda, halafu kutu inatula. Wewe gusa chuma kilichoungwa na erthi kabla ya kushika bodi, acha sweta ya nailoni chumbani, na MOSFET (aina ya transista) ambazo hazina dayodi za kinga kwenye geti ziache ndani ya sponji nyeusi hadi dakika ya kuzilehemu.